Vigae vya Chumbani kwa Mama

Mume wangu ni fundi vigae, na mtaani kwetu hakuna anayemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Wanamwita Jicho. Ukimwita akupigie hesabu ya sebule, atasimama mlangoni, mikono kiunoni, atafumba jicho moja kama anayeingiza uzi kwenye sindano, halafu atasema, "Kumi na sita." Unakwenda dukani, unanunua maboksi kumi na sita, na akimaliza kazi unabaki na vipande vya kujaza ndoo moja. Wapo waliopima nyuma yake kwa tepu wakitaka kumuumbua. Wakaumbuka wao.

Mimi ni fundi cherehani. Kwangu mtu hashonewi hata kola bila kupimwa shingo, na nilimwambia mara nyingi kwamba hilo jicho litamponza. Alikuwa ananicheka tu. "Watu wananenepa, mke wangu. Vyumba havinenepi."

Wala hakuwa mtu wa kubahatisha, nimtendee haki. Kichwani mwake alikuwa anazidisha urefu kwa upana, anaongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya vigae vitakavyokatwa kwenye kuta na vitakavyovunjika, kisha anagawanya kwa eneo ambalo boksi moja linafunika. Boksi la vigae tisa vya ukubwa wa kawaida linafunika mita mraba moja na nusu kasoro kidogo. Hesabu yenyewe hata mtoto wa shule anaiweza. Sifa yake ilikuwa kuifanya amesimama, bila karatasi, watu wakimtazama. Na sifa, jamani, mume wangu alikuwa anaipenda kuliko chai.

Mama yangu alianguka chumbani kwake. Sakafu ilikuwa ya saruji ya zamani, imechimbika, na kando ya kitanda palikuwa na shimo tulilokuwa tunalifunika kwa mkeka, kila mwaka tukisema mwaka huu tutaliziba. Mkeka ukateleza, mguu ukaingia, nyonga ikavunjika. Alilazwa hospitali. Kaka yangu mkubwa, ambaye ni mwalimu mkuu msaidizi na huongea na watu wote kama wako darasani, akatuita akasema mama hatarudi kukanyaga mashimo. Vigae atanunua yeye. Kazi afanye shemeji.

Lazima nieleze mume wangu alivyolipokea jambo hilo, maana bila hilo hamtaelewa upumbavu uliofuata. Miaka kumi na minne tangu anioe, kaka hakuwahi kumwomba chochote. Si kwamba alimchukia. Alimpita tu, kama mtu anavyopita kiti. Mtu anayefanya kazi amepiga magoti, kwa kaka, hakuwa mtu wa kuulizwa maoni. Sasa siku hiyo alimgeukia, akamwambia mbele ya sisi wote, "Shemeji, hili tunakutegemea wewe." Usiku kucha mume wangu alikuwa anaongea kuhusu rangi.

Kesho yake tukaenda wawili kwa mama kupima. Tukafika mlango wa chumba, mume wangu akasimama kama kuna kamba imefungwa mbele yake.

"Ingia," nikamwambia.

"Kile ni kitanda cha mama."

"Mama yuko hospitali. Kitanda hakina mtu."

"Ni chake hata kama hayupo. Mkwe haingii chumba cha kulala cha mama mkwe wake akaanza kutupatupa macho huku na huku. Nione nguo zake? Niache."

Nilitamani kucheka, na nilimpenda kidogo kwa hilo, ndiyo maana sikumlazimisha. Akatoka, akazunguka nyumba kwa nje. Akahesabu hatua ukuta wa mbele, akahesabu hatua ukuta wa pembeni mpaka pale jiko linapoanza, akatoa unene wa kuta. Akafumba jicho. Nilikuwa ndani, dirisha liko wazi, nikamsikia: "Kumi na mawili."

Ndani ya chumba kile kuna kona inayoingia upande wa jiko. Zamani ilikuwa stoo. Marehemu baba aliuvunja ukuta wake wa huku ili mama apate mahali pa kuweka kabati kubwa, akaziba mlango wa kule jikoni. Kwa nje huwezi kuijua. Utadhani ni sehemu ya jiko. Mume wangu hakuijua kwa sababu hakuwahi kuingia. Na mimi niliijua kama ninavyojua mfuko wa gauni langu, nilikuwa nimeliegemea kabati lenyewe wakati anatamka hesabu yake. Haikunijia akilini kumwambia. Nilizoea kwamba Jicho akisema, imesemwa.

Dukani tulikwenda na kaka. Mwenye duka, mama mmoja mwenye sauti kubwa, akatutolea vigae vya rangi ya maziwa yaliyochanganywa na chai kidogo. Vikatupendeza. Akasema, "Vya mzigo huu yamebaki maboksi kumi na matano. Chukueni yote. Mzigo mwingine ukija, jina ni lile lile, rangi haiwi ile ile, mkipungukiwa mtalia. Yakibaki mazima nitayapokea."

Kila fundi vigae anajua maneno hayo ni kweli. Mume wangu mwenyewe huwaambia wateja hivyo hivyo. Lakini kaka alikuwa amesimama pale, akamtazama yeye, si mwenye duka, akauliza, "Shemeji, unasemaje?"

"Kumi na mawili," akasema mume wangu. "Ya nini kubeba mzigo wa kurudisha?"

Kaka akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mdomo uliponza kichwa hapo hapo, na mwenye kichwa alikuwa anatabasamu.

Aliyeleta mzigo ni mzee wa mkokoteni tunayemwita Taratibu. Hakimbii, hapigi kelele za kupishwa njia, na hajawahi kuvunja hata sahani ya mtu. Ndiyo maana mwenye duka alimpa yeye vitu vyote vya kuvunjika. Alifika kwa mama saa nne asubuhi. Nikampokea mimi. Akashusha boksi moja moja na kuliweka ukutani, na kila aliposhusha alitaja namba, nami nikaifuata. Tulifika kumi na mbili. Nikampa maji ya kunywa, akashukuru, akaondoka.

Jioni ile mimi na dada wa jirani tukatoa kitanda, masanduku na kabati. Chumba kikawa kitupu, na mume wangu akakubali kuingia. "Kikiwa kitupu si chumba cha mtu tena," alisema, "ni kazi." Akavuka kizingiti, akaiona kona. Aligeuza ndoo, akaikalia, akatazama pale kabati lilipokuwa kwa muda mrefu sana. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema vumbi limemwingia machoni.

Siku mbili alifanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Sakafu ikanyooka, ukiangusha tone la maji halijui liende wapi. Siku ya pili mchana nikampelekea chai, nikamkuta amepiga magoti konani na tepu yangu ya kushonea, ile ya njano, ameichukua kwenye cherehani bila kuniambia. Alikuwa anapima saruji tupu. Alipima, akaandika kwa penseli ukutani, akafuta, akapima tena, kama vile mara hii kona itamwonea huruma.

"Vimepungua?" nikamuuliza.

"Tisa."

"Boksi zima?"

"Nimetoka dukani sasa hivi. Yale matatu yamenunuliwa jana." Alisema bila kuniangalia. "Kaka yako anakuja saa ngapi?"

Kaka alikuwa ameshaingia. Tulimsikia sebuleni anavua viatu, akisifu kwa sauti kabla hata hajaona. Akaja mlangoni, akatazama sakafu inayong'aa, akasema, "Hongera, shemeji. Hongera sana." Kisha macho yake yakafika konani. "Na huku vipi?"

Mume wangu akasimama. Magoti yake yalikuwa meupe kwa vumbi. Aliikunja tepu yangu, nikajua atasema kweli, maana si mwongo, sijawahi kumjua kwa uongo. Akasema, "Yalifika kumi na moja."

Likamtoka kama kwikwi. Nadhani yeye mwenyewe alishtuka kulisikia.

Kaka hakuuliza la pili. Alivaa viatu akatoka, na baada ya nusu saa alirudi na Taratibu akitembea mbele yake, na nyuma yao majirani wanne watano, maana sauti ya kaka haijifichi. Wakasimama uani. Kaka akamwambia mzee wa watu arudishe boksi aliloliacha njiani, au aseme amemuuzia nani.

Taratibu alivua kofia. Hakukasirika. Hakuwa hata na wasiwasi, na hilo ndilo linalonichoma hadi leo. "Mwalimu, nilishusha kumi na mawili," akasema. "Muulize mama huyu. Alisimama hapo hapo, tukahesabu pamoja."

Akanitazama kama mtu anayeuona mlango uko wazi.

"Mdogo wangu," kaka akasema, "ulihesabu?"

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Nikawaza miaka kumi na minne ya kupitwa kama kiti, na lile "hongera sana" lililotoka sasa hivi, halijapoa. Nikawaza mengi kwa muda mfupi, na katika hayo yote sikumuwaza mzee aliyesimama mbele yangu na kofia mkononi.

"Nilikuwa na sufuria motoni," nikasema. "Sikuangalia vizuri."

Taratibu alibaki ananitazama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini pale uani hapakuwa na shimo hata moja. Kisha akavaa kofia yake, akasema, "Haya," akaondoka kwa mwendo wake ule ule. Majirani wakampisha njia, mmoja akaguna.

Usiku ule mimi na mume wangu hatukugombana. Ingekuwa nafuu. Tulilala tumepeana migongo, kila mmoja anajua mwenzake yuko macho. Asubuhi akanunua tepu ya chuma ya mita tano akaining'iniza kiunoni, na watu wakamtania kwamba Jicho limepata miwani. Alicheka pamoja nao. Nikamwona alivyocheka, nikaona aibu mpaka shingoni, na hapo nilikuwa nimekaa mbali, kwenye cherehani yangu, hakuna aliyeniangalia.

Kabati tulilirudisha konani ili lifunike saruji. Halikufunika yote. Kipande cha upana wa kiganja kilibaki kinachungulia upande wa kushoto.

Mwenye duka alimwondoa Taratibu. Hakumtukana, alimwambia tu asiegeshe mkokoteni mbele ya duka, maana wateja wanauliza. Nilimwona wiki iliyofuata upande wa pili wa soko, amebeba vyuma chakavu. Nikaingia duka la vifungo ambavyo sivihitaji, nikakaa humo mpaka apite. Na njia hiyo ndiyo yangu ya kila siku.

Mama alirudi baada ya wiki tatu, anatembea na mikongojo. Aliiona sakafu akaishangilia, akaigusa kwa ncha ya mkongojo, akamwombea mkwe wake dua ndefu, na mkwe wake yuko sebuleni, hawezi kuinua uso. Nikamlaza. Akazungusha macho chumbani kama watu wanavyofanya wakirudi kwao, yakafika kwenye kabati.

"Pale mbona pameachwa?"

"Vigae vilipungua, mama."

"Nani alipima?"

"Mkweo."

"Alipopima aliingia humu?"

"Hakuingia. Aliona haya. Alipima kwa nje."

Mama alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika nyonga kwa maumivu, huku anasema, "Masikini mwanangu! Sasa kona angeionaje?" Aliyajua yote kwa maswali matatu. Sisi tulikuwa tumeshindwa kuyasema wiki tatu. Kisha kicheko kikakatika.

"Kaka yako aliniambia hospitali kwamba kuna mzee aliiba boksi."

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imefika kitandani kwa mama yangu.

"Nani alipokea mzigo?"

"Mimi."

"Ulihesabu?"

"Nilihesabu, mama. Yalifika yote."

Hakunigombeza. Alivuta shuka mpaka kifuani, akatazama dari. "Wiki tatu nimevuliwa nguo na kugeuzwa na watu wasio hata wa ukoo wangu," akasema, "sikufa kwa haya. Ninyi mmeona haya mkwe kuingia chumbani kwangu. Kumwita mtu mwizi hamkuona." Akafumba macho. "Niache nilale."

Mume wangu alikuwa amesimama nyuma ya pazia la mlango. Alisikia yote. Nikadhani ataniuliza tufanyeje, maana mambo ya kwetu huniachia mimi. Hakuniuliza. Alikwenda moja kwa moja kwa kaka, nami nyuma, akamkuta anasahihisha madaftari, akamwambia akiwa amesimama: kona sikuiona, hesabu yangu ilikuwa mbovu, mzee hakuiba, nimesema uongo kwa sababu nilikuogopa wewe. Aliyamaliza bila kupumua. Kaka aliweka kalamu chini. Akanigeukia mimi.

"Na sufuria?"

"Hakukuwa na sufuria, kaka."

"Nilimtukana mtu mzima mbele ya watu," akasema kaka polepole. Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia anaongea bila sauti ya darasani. "Mmenifanya nimtukane mtu mzima."

Tulimpata Taratibu kwenye karakana ya vyuma. Mume wangu akaanza maneno yake, na mzee akainua kiganja. Alisema kama ni kwa ajili ya masikio yake, yeye anajua alichoshusha, hana haja ya kuambiwa. Waliosikia lile wasikie na hili. Basi tukaenda naye mpaka dukani. Mchana kweupe, wateja wamejaa, mume wangu akayasema yale yale, na kaka akaomba radhi kwa kinywa chake. Mtu mmoja akacheka, "Kumbe Jicho ni chongo!" Mume wangu akajibu, "Ndiyo." Mimi nilisema langu mwisho. Sauti ilikuwa ndogo, na mwenye duka akaniambia nirudie, nikarudia.

Mzee alirudishiwa mahali pake. Kwetu sisi hakusema amesamehe, wala hakusema hajasamehe, na sikupata ujasiri wa kumuuliza. Vigae vya rangi ile havikupatikana. Mwenye duka alituonyesha vya mzigo mpya, na kando ya vyetu vikaonekana kama meno ya bandia. Mama akachagua vya kahawia kabisa, akasema kona ijulikane ni kona. Mume wangu akaingia na tepu yake, akapima mbele ya mama aliyeketi kitandani, akaandika kwenye karatasi. Maboksi mawili.

Aliyaleta Taratibu. Niliusikia mkokoteni, nikatoka kumpokea nikiwa nimejiandaa na maneno matamu, nimechota na maji. Alisalimu vizuri. Akainua boksi la kwanza, akalipakata kifuani, akasimama nalo. Nikamwonyesha mahali pa kuweka. Hakusogea.

"Hesabu, mama," akasema.

"Moja," nikasema.

Bado alikuwa amelishikilia. Mishipa ya mikono ilikuwa imemtoka, na boksi lile ni zito. Dada wa jirani aliyekuwa anaanika nguo aligeuka kutazama. "Kwa sauti," akasema mzee. "Ili na wengine wasikie."

"Moja!"

Akaliweka chini taratibu, akarudi mkokoteni kuchukua la pili, akasimama nalo mbele yangu, akasubiri.